Barua za Wasomaji: Shahada ukiwa kazini, mpaka siku ya risala

Kila msimu wa mahafali unapokaribia, barua za wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini huelemea upande mmoja: watu wenye kazi, watoto na marejesho ya SACCOS wanaouliza kama shahada inawezekana, na waliokwisha kuianza wanaouliza imaliziweje. Toleo hili tunajibu barua hizo. Majina ya waandishi tumeyaacha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Makete, nina stashahada ya ualimu. Nataka kusoma shahada bila kuacha kazi. Kinachonitia hofu ni mwalimu mwenzangu aliyemaliza zamani kidogo, na mpaka leo mshahara wake haujasogea. Nianzie wapi?

Mwalimu, anza na barua kabla hujatafuta chuo. Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata. Taja shahada unayotaka, chuo, miaka itakayochukua na mfumo wa masomo: huria, jioni au wakati wa likizo. Omba jibu la maandishi, na nakala yako ya ombi ipigwe mhuri wa masijala siku ileile unayoipeleka. Mwalimu Mkuu akikukubalia kwa mdomo, mshukuru, lakini andika vilevile. Walimu wakuu huhama, na anayekuja hajui mlichozungumza.

Mambo ya namna ya mwenzako huwa na chanzo kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza ni kusoma bila ruhusa, kiasi kwamba faili lake halina chochote kinachoonyesha kuwa mwajiri alijua. Cha pili ni kusoma fani isiyomo katika muundo wa kada yake. Muundo wa walimu uko wazi, kwa ngazi za mshahara ziitwazo TGTS: mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Lakini shahada hiyo iwe ya ualimu, au ile ambayo mwajiri ameitambua kwa kazi ya kufundisha. Shahada ya masoko ni halali kabisa, ila haimvushi mwalimu kutoka C kwenda D. Cha tatu ndicho kinachowaumiza wasio na kosa lolote: nafasi haikuwamo katika ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti ya mwaka ule. Ndiyo maana barua ya kuomba kubadilishiwa muundo, yenye nakala zilizothibitishwa za cheti na matokeo, inafaa ifike halmashauri mapema, wakati bajeti ya mwaka unaofuata inaandaliwa. Ukisubiri Julai, mwaka wa fedha umeshaanza na nafasi zimeshapangwa.

Kuhusu kuingia chuo: kwa mwenye stashahada ya ualimu, mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu unataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne na wastani wa B. Kwa stashahada za fani nyingi nyingine, zile za NTA (mfumo wa tuzo za vyuo vya ufundi) ngazi ya 6, kinachotakiwa ni GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0. Asiyefikisha asikate tamaa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, kina programu ya msingi inayowapokea watu wa namna hiyo, na atakayeipita kwa GPA ya 3.0, pamoja na masharti mengine ya programu yenyewe, anaruhusiwa kuomba shahada. Kituo cha Huria cha mkoa wako kiko Njombe. Nenda mwenyewe ukaonane nao, uwe umebeba vyeti halisi.

Ni karani wa hesabu Tukuyu, nina stashahada ya uhasibu. Waliosoma wananiambia "ukijipanga utaweza". Hakuna anayeniambia kujipanga ni saa ngapi kwa wiki.

Hesabu ipo, na wewe ni mtu wa hesabu. Shahada ya miaka mitatu hapa nchini ina angalau krediti 360. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikihesabiwa zote: kusoma, kufanya mazoezi, kuhudhuria na kujiandaa kwa mitihani. Jumla ni saa 3,600. Ukitaka kumaliza kwa miaka mitatu, ni saa 1,200 kwa mwaka. Toa majuma manne ya Krismasi, Pasaka na misiba, yanabaki 48, yaani saa 25 kila juma. Ukichukua miaka minne, ni karibu saa 19. Ukichukua mitano, ni saa 15.

Kwa mtu anayefika ofisini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30, saa 25 ni nyingi mno, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Hujisajili masomo yote ya mwaka kwa sababu fomu inaruhusu, wakafanya majaribio nusu, wakaingia kwenye mtihani wa mwisho hawajasoma hata robo, kisha wakalipia marudio. Kwetu sisi, mfanyakazi wa kutwa apange miaka minne au mitano tangu siku ya kwanza, ikiwa mfumo wa chuo chake unamruhusu, na aiambie familia hivyo hivyo ili asije akaulizwa kila Desemba mbona hajamaliza.

Saa 15 zinapatikana hivi. Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10:30 alfajiri mpaka saa 12:00, ni saa moja na nusu mara tano: saa saba na nusu. Jumamosi asubuhi, muda wa saa tano, kabla ya sokoni. Jumapili baada ya ibada, muda wa saa mbili na nusu. Alfajiri tunaipendekeza kuliko usiku kwa sababu saa za usiku haziaminiki: mgeni anafika, mtoto anaumwa, umeme unakatika. Baridi ya Juni na Julai huko kwenu ni kali, hilo tunalijua. Chupa ya chai moto iandaliwe usiku, na vitabu vya kesho viwe mezani tayari, vimefunguliwa ukurasa utakaoanza nao. Ukianza kutafuta daftari saa 10:30, saa 11 inakukuta bado unatafuta.

Masomo ya jioni ya Mbeya mjini usiyategemee. Tukuyu hadi mjini ni zaidi ya kilomita 60 za kona na ukungu, utafika darasani umechoka na kurudi usiku. Chagua mfumo wa huria, au masomo yanayokusanywa mwishoni mwa juma.

Jambo moja la kufanya kabla dirisha la maombi halijafunguliwa: kama stashahada yako ni ya chuo kilicho chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, utahitaji namba ya uthibitisho wa tuzo, AVN, ndipo uombe shahada. Matokeo yako yasipokuwa yamewasilishwa sawasawa na chuo ulichosoma, namba haitoki, na kulisahihisha hilo huchukua muda. Iombe mapema.

Nafanya kazi kiwanda cha chai Mufindi, kampuni binafsi. Bosi anasema hana sheria inayomlazimisha kunipa ruhusa ya mitihani. Ni kweli?

Kwa ruhusa ya mitihani yenye malipo, sheria ya kazi haina kifungu cha kumbana. Ulichonacho ni likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo, iliyomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Wakati wa kuichukua hupangwa na mwajiri, kwa hiyo wewe mwombe mapema, kwa maandishi, igawanywe mara mbili kufuata ratiba ya mitihani. Pendekeza pia nani atashika zamu yako. Msimamizi anayeletewa ombi lenye jina la mtu wa kumbadili hukubali kwa wepesi kuliko anayeachiwa pengo atafute mwenyewe. Angalia pia mkataba wa hali bora kama kiwanda chenu kina tawi la chama cha wafanyakazi, kwa maana baadhi ya mikataba hiyo hutoa siku za masomo ambazo wafanyakazi wenyewe hawazifahamu.

Je, Bodi ya Mikopo inawakopesha watu walioajiriwa? Nipo Mbalizi.

Kwa shahada ya kwanza, hapana. Miongoni mwa masharti yake ni mwombaji asiwe na kipato kitokanacho na ajira. Zungumza na mwajiri kuhusu bajeti ya mafunzo, au kopa kwenye SACCOS yako kiasi cha mwaka mmoja tu wa ada, si miaka yote kwa mpigo. Uliza chuo kinapokea ada kwa awamu ngapi, na kila malipo yafanyike kwa kontrolo namba iliyotolewa kwa jina lako. Stakabadhi zote zihifadhi mpaka siku ya kuchukua cheti, maana kabla hujapewa utatakiwa kuonyesha kuwa hudaiwi.

Unapopiga bajeti, usiishie kwenye ada. Nauli, chumba cha kulala majuma ya mitihani, kuchapa na kujalidi ripoti, vifurushi vya intaneti na kukodi joho hujumlika na kuwa fedha ya maana.

Nimemaliza mitihani yote, nimekwama kwenye utafiti. Mada yangu ni "Mchango wa misitu katika uchumi wa wananchi wa Mufindi". Msimamizi anairudisha kila mara. Nipo Mafinga.

Msimamizi wako yuko sahihi kuirudisha. Mada hiyo ingewatosha watu kumi na fedha za mradi. Neno "mchango" halipimiki mpaka useme mchango wa nini, na "wananchi wa Mufindi" ni wilaya nzima. Punguza pande tatu: kitu kimoja, mahali padogo, kipindi kinachojulikana. Kwa mfano: mapato ya kaya yatokanayo na kuuza mbao za miti ya kupanda katika vijiji viwili, kwa mwaka mmoja uliopita. Ukiweza kumweleza jirani mada yako kwa sentensi moja, na yeye akajua ni swali gani utakwenda kumuuliza mtu mlangoni, imekaa vizuri.

Kisha tazama idadi ya watu wa kuhojiwa, kwa sababu hapo mfanyakazi huumia bila sababu. Wanafunzi wengi hutumia kanuni ya Yamane: idadi ya kaya zote, igawanywe kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kiwango cha makosa. Tuseme vijiji vyako viwili vina kaya 400. Kwa makosa ya asilimia 5 unapata kaya 200. Kwa makosa ya asilimia 10 unapata 80. Kama unaweza kuhoji kaya nane kila Jumamosi, 200 ni Jumamosi 25 na 80 ni Jumamosi 10. Peleka hesabu hizo mbili kwa msimamizi pamoja na sababu zako, mkubaliane kimaandishi kabla hujatoka kwenda vijijini. Msijekubaliana asilimia 10 kwa simu, halafu siku ya kutetea kazi mtu mwingine akauliza mbona sampuli ni ndogo na hakuna barua ya kuonyesha.

Msimu nao una uzito. Kuanzia Desemba mpaka Aprili barabara za vijijini huteleza, na watu wako mashambani tangu alfajiri. Juni hadi Agosti mavuno yamekwisha au yanaishia, watu wanapatikana nyumbani, na wanakumbuka bei walizouza. Barua ya utambulisho ya chuo ipitie wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji apewe taarifa siku mbili kabla. Ukiingia kijiji cha wapanda miti na karatasi na kalamu bila kutambulishwa, watakudhania mtu wa kodi na hakuna atakayekutajia mapato yake ya kweli.

Sura ya mapitio ya maandiko iandike kwa maneno yako. Vyuo hupitisha kazi kwenye programu ya kompyuta inayoonyesha sentensi zilizonakiliwa, na kurudishiwa kazi wakati huo kunaweza kukukosesha mahafali ya mwaka mzima.

Nina miaka 47, ni afisa maendeleo ya jamii. Wenzangu wamenichagua nisome risala ya wahitimu kwenye mahafali ya chuo chetu hapa Iringa. Nimezoea mikutano ya vijiji, lakini hili linanitia hofu. Risala iweje?

Hongera sana, mama. Wenzako wamekupa kauli yao, na hapo ndipo pa kuanzia: risala si historia yako, ni sauti ya waliokaa nyuma yako wamevaa majoho. Sentensi zake nyingi zianze na "sisi". Kabla ya kuandika, waulize wenzako watano au sita wa kozi tofauti swali moja: ni kitu gani mahususi kilikukwamisha, na ni nani alikusaidia? Majibu yao yatakupa risala yote.

Uliza chuo mambo manne mapema: dakika ngapi, lugha gani, inasomwa kabla au baada ya kutunukiwa shahada, na nani ataipitia kabla ya siku. Kama ni kabla ya kutunukiwa, ninyi bado ni wahitimu watarajiwa, usiandike "tuliotunukiwa leo". Kama lugha ni hiari yenu, chagua Kiswahili. Wazazi, waume, wake na watoto waliowavumilia miaka yote hiyo wamekaa palepale, na wao ndio shukrani nyingi zinawahusu.

Kwa dakika tano, andika maneno kama 450, yasizidi 500. Mpangilio uliozoeleka unafaa, huna haja ya kuubuni upya: salamu za itifaki, ninyi ni akina nani na mko wangapi, mlichokipata chuoni, yaliyowakwaza, maombi, shukrani. Kinachotofautisha risala inayosikilizwa na ile inayosindikizwa na minong'ono ni kiasi unachotoa kwa kila sehemu. Itifaki isizidi nusu dakika: Mkuu wa Chuo au mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza, Makamu Mkuu wa Chuo, kisha "itifaki imezingatiwa" na uende mbele. Orodha hiyo ihakiki na ofisi inayoshughulikia itifaki asubuhi ya siku yenyewe, kwa kuwa wageni hubadilika usiku. Kumsalimia aliyetuma mwakilishi kana kwamba yupo ni aibu ambayo inaepukika kwa dakika mbili.

Yaliyowakwaza yasemeni kwa kitu kinachoonekana. "Tulikumbana na changamoto nyingi" husemwa kila mahafali na hakuna anayelikumbuka. Linganisha na hili: "Wapo kati yetu waliotoka zamu ya usiku Mafinga saa 12 asubuhi, wakapanda basi na sare za kazi, na saa 3 wakawa ndani ya chumba cha mtihani." Mgeni rasmi atainua macho hapo. Mifano miwili ya namna hiyo inatosha, na iwe ya kweli, mwenye nayo awe ameridhia.

Maombi yawe mawili, matatu yakizidi sana, na kila moja liwe na mtu anayeweza kulitekeleza. "Maktaba iboreshwe" ni ombi ambalo mgeni hulijibu kwa "tumelipokea". "Tunaomba maktaba ifunguliwe Jumapili mchana katika majuma matatu ya mitihani, kwa ajili ya wanafunzi walio kazini" ni ombi ambalo Makamu Mkuu wa Chuo anaweza kulijibu palepale. Msipeleke malalamiko dhidi ya mhadhiri mmoja kwenye risala, hata kama ni ya haki. Yana ofisi zake. Wala usiwataje watu binafsi wa kuwashukuru, utamsahau mmoja na ndiye atakayeumia. Taja makundi: wahadhiri, watumishi wa maktaba, waajiri waliotoa ruhusa, familia.

Uchapaji una mambo yake. Tumia herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, karatasi nzito kidogo, kurasa zenye namba. Usizibane kwa pini: unapomaliza ukurasa, usogeze kando kimyakimya. Aya isikatwe katikati na mwisho wa ukurasa. Soma kwa sauti, ukiwa umesimama, simu ikihesabu muda, walau mara moja kila siku katika juma la mwisho. Palipokukwaza mara mbili pabadilishe maneno, usipalazimishe.

Fanya zoezi moja ukiwa umevaa joho na kofia. Mikono ya joho ni mipana, huparaza kipaza sauti na kusukuma karatasi. Kofia ya mraba huteleza mbele ukiinamisha kichwa, kwa hiyo inua karatasi hadi usawa wa kifua badala ya kuinama. Bana kofia kwa pini mbili za nywele. Kipaza sauti kikae umbali wa kiganja kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu.

Mahafali mengi huangukia Novemba na Desemba, mvua za kwetu zinapoanza. Mvua ikipiga juu ya bati au turubai, usishindane nayo kwa kupaza sauti. Nyamaza, mtazame mshereheshaji, subiri ishara, kisha rudia sentensi ya mwisho uliyoisoma. Nakala ya pili, safi, iwe ndani ya jalada kwa ajili ya kumkabidhi mgeni rasmi, na ya tatu aishike mwenzako aliye mstari wa mbele, endapo yako italowa.

Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la ukoo la baba, kazini natumia la mume. Mahafali ni mwezi ujao. Chuo kitaandika lipi? Njombe.

La kidato cha nne. Vyuo hufuata jina ulilosajiliwa nalo, na usajili hufuata cheti hicho. Orodha ya wahitimu ikibandikwa, itazame herufi kwa herufi, uone pia mpangilio wa majina yako matatu, na kosa lolote liripoti kwa maandishi ofisi ya udahili kabla vyeti havijachapwa. Kwa upande wa kazini, mpelekee afisa utumishi hati yako ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kama huna, mwone wakili akuandalie, na uombe nakala iwekwe kwenye faili lako kabla hujawasilisha cheti cha shahada.